Mkono unaweza ila haufanyi: kisa cha fundi cherehani miezi minne baada ya kiharusi

Kilichonifanya nikae chini niandike hiki kisa ni bobini moja tupu, kile kigurudumu kidogo cha uzi cha cherehani. Ilikuwa mwisho wa wiki ya tatu tangu nianze kumfanyisha mazoezi huyu mzee, amekaa mbele yangu, mkono wa kulia umelala mapajani kama kifurushi alichoombwa amshikie mtu, binti yake kasimama nyuma ya kiti ananiambia kwa mara ya kumi "dokta huu mkono umekufa tu, tusidanganyane", na mimi naandika kwenye faili huku naitikia mmh, mmh. Mzee alikuwa na bobini ya cherehani yake kwenye mfuko wa shati, sijui kwa nini alikuwa anatembea nayo, akaitoa kwa mkono wa kushoto akaiweka mezani ikaanza kubingirika kuelekea ukingoni. Mkono wa kulia ukaondoka mapajani ukaifuata. Haukuiwahi, bobini ilianguka ikaishia chini ya kabati, lakini mkono ulikuwa umeshanyanyuka toka begani, kiwiko kimenyooka nusu, na vidole vilifunguka njiani. Binti hakuona. Mzee mwenyewe alikuwa anaangalia bobini imeishia wapi. Nikafunga faili.

Niseme mapema, nimebadilisha vitu viwili vitatu ili mhusika asijulikane, na yeye pamoja na familia waliridhia nikieleze. Mimi ni fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, sio daktari, ingawa wagonjwa wote wananiita dokta na nilishachoka kusahihisha.

Mzee ana miaka 57, fundi cherehani tangu ujana, mkono wa kulia ndo wa kazi. Presha anayo miaka mingi, dawa anameza akikumbuka. Siku ya tukio aliamka mdomo umepinda, maneno hayatoki, mkono na mguu wa kulia vimelegea kabisa. Kipimo cha CT, ile picha ya ubongo, kikaonyesha hamna damu iliyovuja, ni mshipa mkubwa wa upande wa kushoto wa ubongo ndo uliziba, ule wa kati. Hapa kwa asiyejua: ubongo wa kushoto ndo unaendesha mwili wa kulia, na huo mshipa wa kati unalisha zaidi sehemu inayoongoza uso na mkono kuliko mguu, kwahiyo wagonjwa wa namna hii wengi unawakuta wanatembea, wanaongea ongea, ila mkono umebaki nyuma. Na ndivyo alivyokuwa. Alivyokuja kwangu, miezi minne imepita, anatembea na fimbo, maneno yanamponyoka mara moja moja, lakini anaelewa kila kitu na anajibu.

Kitu kimoja kwenye historia yake nilikipita haraka na sikutakiwa. Binti alikuwa anasimulia siku za hospitali akasema, siku ya tatu baba alikuwa anajaribu kuninyooshea vidole na kunyanyua bega, nikamwambia baba tulia, pumzika kwanza. Siku ya tatu! Kuna utafiti wa Uholanzi uliotoka 2010, wagonjwa 188, waliangalia vitu viwili tu ndani ya saa 72 za kwanza: je mtu anaweza kuutoa mkono pembeni kutoka begani, na je anaweza kunyoosha vidole hata kidogo. Walioweza vyote viwili, asilimia 98 walikuja kupata uwezo fulani wa kutumia kiganja baada ya miezi sita. Wasioweza hata kimoja, asilimia 25. Uwezo fulani, sio kupona kabisa, tuelewane hapo. Ila ni tofauti kubwa mno, na vipimo vyenyewe havihitaji mashine yoyote, unavifanya kitandani kwa dakika mbili. Hakuna aliyewaambia hii familia kwamba zile siku za mwanzo walikuwa wameona dalili nzuri. Wao walirudi nyumbani wanajua mkono umekwenda.

Sasa namba nilizochukua mimi siku ya kwanza. Kwenye Fugl-Meyer ya mkono, kipimo cha jinsi mkono unavyosogea, ambayo ni 66 ukiwa mzima, alipata 38. Kwenye ARAT, ambayo unampa mtu vitu vya kushika, kubana, kuhamisha, na jumla ni 57, alipata 24. Kifundo cha mkono kinanyanyuka nyuzi 25 hivi, vidole vinafunguka nyuzi 15, taratibu, na akichoka vinajikunja vyenyewe. Ukakamavu wa misuli upo ila sio wa kutisha, vidole ndo vinabana zaidi. Hisia za ngozi zimepungua kidogo lakini akifumba macho anajua dole gumba lake liko wapi. Kwa kifupi huu sio mkono uliokufa, ni mkono wa katikati, na namba nilikuwa nazo mimi mwenyewe kwenye faili, kwa mwandiko wangu. Alafu nikakaa wiki tatu namfanyisha mazoezi kama vile nimeamini maneno ya binti.

Naomba niwe mkweli kuhusu hizo wiki tatu maana najua siko peke yangu. Dakika 45, mara tatu kwa wiki. Dakika kumi na tano namnyoosha mimi, yeye kalala anatazama dari. Dakika kumi kamba ya puli, ile anavuta kwa mkono mzima ili mkono dhaifu upande juu. Alafu kibonyezo. Yeye alikuja nacho mwenyewe, kimpira kile cha kuminya, ambacho kila mgonjwa wa kiharusi duniani nadhani anapewa na jirani. Minya, achia, minya, achia. Shida ya mzee haikuwa kufunga kiganja bwana, kufunga anafunga hata bila kutaka, shida ni kufungua, na sisi tunamfanyisha kufunga mara mia. Sisemi kimpira ni sumu, kama mtu hana nguvu ya kushika kabisa kina kazi yake, ila kwa huyu nilikuwa namwagilia magugu.

Na puli ndo ikaniumbua. Wiki ya pili bega likaanza kuuma, wiki ya tatu halali upande ule. Nilipogusa juu ya bega, chini ya ule mfupa wa ncha, kuna nafasi ya kidole kizima kinaingia, yaani mfupa wa mkono umeshuka kidogo kwenye kikombe chake kwa sababu misuli inayoushikilia imelegea. Ukimvuta mtu wa hivyo kwenda juu kwa kamba, bapa la bega haligeuki kama linavyotakiwa, kwahiyo nyama za ndani zinasagwa katikati ya mifupa. Na hii sio habari mpya hata kidogo, kuna utafiti mdogo wa 1990, wagonjwa 28, waliowekwa kwenye puli ya juu asilimia 62 wakapata maumivu, wakati waliofanyishwa na mtaalamu kwa mikono ni asilimia 8. Nilisoma hiyo nikiwa mwanafunzi, nikafaulu mtihani, alafu nikamuweka mzee wa watu kwenye puli kwa sababu puli ipo ukutani.

Baada ya bobini nilifanya vitu viwili. Kwanza bega. Puli ikaisha siku hiyo hiyo. Nikamuomba binti anionyeshe anavyomsaidia baba yake kuinuka kitandani, akamshika mkono wa kulia, ule ule dhaifu, akamvuta. Kila siku, miezi minne. Nikamuonyesha ashike nyuma ya bapa la bega na nyonga, asishike mkono wala kupitisha mkono wake chini ya kwapa. Shati linaanza kuvaliwa mkono dhaifu, kuvuliwa linaanza mkono mzima. Akikaa, mkono uwe juu ya meza au mto, usining'inie. Kombeo, kile kitambaa cha kuning'inizia mkono shingoni, tukaliacha kwa ajili ya kutembea tu, maana likivaliwa kutwa nzima linaufundisha mkono kukaa umejikunja kifuani. Wiki mbili, maumivu yakashuka kutoka saba hadi mawili kwenye kumi. Kitu kidogo sana na kingetakiwa kufundishwa siku wanatoka hospitali.

Cha pili, niliweka simu kwenye rafu nikarekodi kipindi kizima, na usiku nikakaa nahesabu. Sio mazoezi ya kunyooshwa, hapana, nilihesabu mara ambazo mkono wa kulia ulifanya kazi yenye maana: kufuata kitu, kushika, kuhamisha, kuachia. Dakika 45. Mara 29.

Nilirudia kuangalia nikidhani nimekosea. Kumbe ni ugonjwa wetu wote, kuna watafiti wa Marekani na Kanada walikaa kwenye vipindi 312 vya mazoezi ya kiharusi wakahesabu kama mimi, majibu yakatoka 2009: mazoezi ya mkono ya kazi halisi yalikuwepo kwenye karibu nusu tu ya vipindi, na pale yalipokuwepo wastani ulikuwa mara 32. Wakati kwenye wanyama, ili ubongo uonyeshe mabadiliko, tunaongelea mamia kwa siku. Yaani tunampa mgonjwa kijiko cha dawa ambayo dozi yake ni chupa, alafu tunaandika kwenye faili "hakuna maendeleo".

Lakini idadi peke yake haielezi bobini. Kwa nini mkono ambao unaweza haufanyi? Hapa inabidi niingie kidogo kwa Edward Taub, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye miaka ya nyuma alifanya kazi na nyani, akawakata mishipa inayopeleka hisia za mkono mmoja, na yule nyani akaacha kabisa kuutumia huo mkono ingawa misuli na amri za kuusogeza zilikuwepo. Ukimfunga ule mkono mzima, anaanza kuutumia ule mwingine. Taub akaeleza hivi: siku za mwanzo mnyama akijaribu anashindwa, kitu kinadondoka, anaumia, akitumia mkono mzima anafanikiwa, basi ubongo unajifunza kutouuliza ule mkono kitu. Baadaye uwezo unarudi kiasi, lakini hakuna anayeuliza tena. Ni tabia iliyofundishwa, kama mtoto aliyekatazwa kuongea mbele ya wageni mpaka amekuwa mtu mzima hafungui mdomo. (Hao nyani wake walileta kesi kubwa mwaka 1981 kuhusu mateso ya wanyama, ni historia chafu na sitaipamba, lakini ndo ilikotokea tiba nitakayoieleza.)

Na nyumbani kwa mzee nani alikuwa anauliza huo mkono? Hakuna. Binti anamfungia vifungo, anamshikia glasi, anamfungulia mlango, anampokelea simu. Ni mapenzi, na sikutaka kumfanya ajisikie mkosaji, kwahiyo sikumhubiria. Nilimwonyesha video. Nikamwekea kipande cha bobini nyingine niliyoiviringisha makusudi siku iliyofuata, mkono ukaondoka tena. Akaangalia mara tatu bila kusema kitu alafu akamgeukia baba yake, "Baba, kumbe unaweza?" Mzee akajibu, "Mimi sijui, muulize dokta, mkono ni wake siku hizi."

Tukaanza tiba ya kufunga mkono mzima. Ile halisi, iliyojaribiwa kwenye utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2006, watu 222 waliopata kiharusi kati ya miezi mitatu na tisa kabla, ilikuwa hivi: glavu nene kwenye mkono mzima asilimia 90 ya muda mtu yuko macho, wiki mbili, na siku za kazi mazoezi hadi saa sita. Walioifanya walipata zaidi ya wenzao na bado tofauti ilionekana baada ya mwaka. Ila saa sita na mtaalamu kila siku, nani anayo? Mimi sina na mzee asingeweza. Tulifanya ile iliyopunguzwa: saa mbili na mimi siku tano kwa wiki, glavu saa tano kwa siku, wiki nne.

Watu huwa wananiuliza kwa nini wasingeanza hii siku ya kwanza hospitalini, si mapema ndo bora? Sio lazima. Kuna utafiti wa 2009, wagonjwa 52, baadhi wakafungwa na kufanyishwa saa tatu kwa siku mapema kabisa, siku chache baada ya kiharusi, na baada ya siku 90 wale wa dozi kubwa walikuwa nyuma ya wenzao. Na ule mkubwa wa 2015 wa kuwainua wagonjwa kitandani ndani ya saa 24, watu 2,104, waliochangamshwa zaidi na mapema zaidi walifanya vibaya kidogo miezi mitatu baadaye. Ubongo uliojeruhiwa juzi sio shamba la kulimia trekta. Na pia, hii tiba sio ya kila mkono. Kama kifundo hakinyanyuki na vidole havifunguki hata kidogo, kumfunga mtu mkono wake pekee unaofanya kazi ni kumtesa, usifanye. Huyu alikuwa na nyuzi 25 na 15, anaingia.

Kabla ya glavu tuliandika mkataba, karatasi moja, mzee akasaini kwa mkono wa kushoto, binti akasaini na yeye maana kazi yake ilikuwa ngumu kuliko ya baba: kukaa na mikono nyuma. Glavu inatoka kwenye ngazi, kwenye maji ya moto, bafuni, na wakati wowote anatembea na fimbo, maana fimbo anaishika kwa mkono huo huo wa kushoto na sikutaka nimuokoe mkono nimvunje nyonga. Na kila jioni wanajaza daftari la vitu 30 vya maisha ya kawaida, kuwasha taa, kufungua droo, kupokea simu, anajipa 0 mpaka 5 mkono umefanya kiasi gani. Wastani wake siku ya kwanza ulikuwa 0.8. Linganisha na ile 38 kati ya 66 mkaone pengo lenyewe, hapo ndo kisa chote kilipo. Uwezo zaidi ya nusu, matumizi karibu na sifuri.

Watu wengi wanakumbuka glavu kwa sababu inaonekana, lakini kwa maoni yangu glavu ni robo ya tiba, labda hata chini. Lile daftari na mkataba ndo vinavyoutoa mkono chumba cha mazoezi na kuupeleka nyumbani. Ukiacha daftari utapata mgonjwa hodari sana wa kuhamisha vijiti mbele ya fizio.

Kazi zenyewe nilichagua za ufundi wake. Vibanio vya nguo kwenye waya, kufungua na kuachia, maana kuachia ndo shida. Kukunjua tepu ya kupimia. Kulainisha kitambaa mezani kwa kiganja kilichofunguka, kwenda mbele na kurudi. Kupanga bobini kwenye boksi. Unaanzia pale anapofanikiwa mara saba nane kwenye kumi, akizoea unasogeza boksi mbali sentimita tano, au unalipandisha, au unapunguza muda, na kila seti unamwambia namba yake. Mzee wa kupima nguo maisha yake yote, namba zikamkamata vibaya sana. "Jana kumi na moja, leo tisa, mwanangu kuna kitu umebadilisha hapa." Na kweli nilikuwa nimesogeza kiti.

Siku ya tatu niligundua ananiibia. Boksi likiwa mbali hanyooshi kiwiko, anainama na kiwiliwili chote, mkono unabaki umejikunja vile vile ila kifua ndo kimekwenda mezani. Ukihesabu tu namba zinapanda na unafurahi, kumbe mgongo ndo unafanya kazi. Nikamfunga kifua kwenye mgongo wa kiti kwa kitambaa kipana. Namba zikaanguka kutoka kumi na nne hadi tano. Alikasirika. Lakini zile tano zilikuwa za mkono.

Kipindi cha saa mbili tulikuwa tunafika mara 250, siku nzuri 300 na kitu.

Wiki ya pili ikaharibika. Jumatano akaja vidole vimebana kuliko kawaida, hataki kuongea, akafanya dakika ishirini akavua glavu akaitupa. Binti akanivuta pembeni akaniambia halali usiku, analia akidhani watu wamelala. Hapa naomba wenzangu tusijifanye mashujaa wa mazoezi, karibu theluthi ya watu baada ya kiharusi wanapata sonona na mtu mwenye sonona hata ukimpa ratiba nzuri ya dunia nzima haitashika. Nilisimamisha siku mbili, nikamwandikia daktari wake. Daktari akampima, akaanza kumtibu hiyo sonona yenyewe na pia akakuta presha iko juu, dawa zimerukwa tena.

Hapo binti akanitumia meseji kwamba ameambiwa kuna kidonge cha sonona kinachorudisha mkono. Asili ya hiyo habari ni utafiti wa Ufaransa wa 2011, watu 118, dawa ya fluoksetini, walionekana kupata nguvu zaidi na kila mtu akafurahi, hata mimi. Alafu 2018 Uingereza wakarudia kwa watu zaidi ya 3,000, haikuwasaidia kurudi kwenye shughuli zao na waliokunywa walivunjika mifupa zaidi. Nikamjibu: kama daktari kampa baba dawa ya huzuni basi ameze kwa ajili ya huzuni, mkono tutauhangaikia sisi. Aliuliza pia kuhusu sindano ya kulegeza misuli. Hiyo ipo na inafanya kazi, nguvu yake ni kama miezi mitatu, inasaidia sana kiganja kilichojifunga mpaka hakioshwi au kinachouma, lakini yenyewe haimfundishi mtu kushika kitu, na vidole vya mzee havikuwa vimefikia huko. Roboti ya kufanyisha mkono mazoezi nayo aliiona kwenye simu. Uingereza waliijaribu kwa watu 770, matokeo 2019, haikuwapa matumizi bora ya mkono kuliko huduma ya kawaida. Nilimwambia hesabu zako wewe na vibanio vya nguo ndo roboti yetu.

Tulirudi Jumatatu, saa moja badala ya mbili, tukapanda taratibu. Jioni nikawaongezea kioo: unaweka kioo katikati ya mikono, mzee anaangalia taswira ya mkono wa kushoto ukifungua vidole kana kwamba ni wa kulia, na wa kulia nyuma ya kioo unajaribu hivyo hivyo, dakika ishirini bila glavu. Ilianza kujaribiwa kwa kiharusi 1999 kwa wagonjwa tisa tu, sasa hivi ushahidi umeongezeka na ni wa kuridhisha kiasi. Siwezi kusema imemsaidia kiasi gani huyu, ila yeye aliipenda kwa sababu hakuna cha kudondosha.

Mwisho wa wiki nne: Fugl-Meyer 46. ARAT 36. Daftari la nyumbani, kutoka 0.8 mpaka 2.7. Kwa watu wa fani, pointi tano sita kwenye vipimo hivyo viwili ndo tunaanza kusema mgonjwa mwenyewe ataona tofauti, kwahiyo nane na kumi na mbili sio haba. Lakini mimi ile ya daftari ndo iliyonifurahisha, maana hiyo inapimwa wakati mimi sipo. Mkono unawasha taa, unafungua droo, unashikilia sabuni wakati wa kushoto unasugua, unapokea simu ingawa mara nyingine inamponyoka. Bega halijarudi kuuma.

Visivyorudi, na lazima niviseme: kubana kitu chembamba kati ya dole gumba na la shahada. Sindano haishikiki. Kutunga uzi hawezi, kifungo cha shati kwa mkono wa kulia peke yake hawezi. Akiwa amechoka au ana baridi vidole vinarudi kujikunja.

Mwezi wa tisa tangu kiharusi nikaenda kumtembelea kazini. Amerudi nusu siku. Cherehani ina bahati moja kwa mtu kama yeye, gurudumu la kuzungusha kwa mkono liko upande wa kulia, kwahiyo kila akianza mshono kiganja cha kulia lazima kiende pale, kifunguke, kishike ukingo, kizungushe. Nilikaa nikahesabu bila kumwambia. Saa moja, mara 74, na hakuna fizio wala glavu. Binti anamtungia uzi.

Mkasi ndo ukatugombanisha. Mkasi wa fundi ni mzito na vishikio vyake vimechongwa kwa mkono wa kulia, unahitaji dole gumba lifunguke kwa nguvu kila unapokata, na dole gumba lake halikuwa limebadilika kwa miezi miwili. Nikamshauri atafute mkasi wa kutumia kushoto. Akakaa kimya muda mrefu, alafu akasema polepole, maneno yakimsumbua, "Mwanangu, mwezi mzima umenifunga mkono huu usiguse kitu. Leo ndo unautafutia mkasi?"

Sikuwa na jibu zuri na sijalipata mpaka leo. Nilimwambia ukweli ninaouamini, kwamba saa za mazoezi tunautafuta mkono, saa za kazi wateja wanataka nguo, na hizo ni saa mbili tofauti. Akate kwa kushoto ila mkono wa kulia ushikilie kitambaa, usirudi mapajani. Wenzangu wengine wangesema nimemkatia tamaa mapema, na najua hoja yao. Mimi naona fundi asiyekata ni mtu anayekaa nyumbani, na mkono wa mtu anayekaa nyumbani hauulizwi kitu. Alikubali kwa sharti kwamba mkasi wa zamani usiondolewe kwenye msumari wake.

Nilipopita tena, mkasi wa kushoto uko mezani, umeshapata mikwaruzo ya kazi. Ule wa zamani kila asubuhi kabla ya kuanza anaushusha, anaushika kwa kulia, anafungua na kufunga hewani mara kumi, na zile zinazofunga sawasawa anaandika idadi ukutani kwa chaki. 3, 4, 4, 6, 5, 7. Ya siku ile ilikuwa imeandikwa 9, ikafutwa, ikaandikwa 8, kwa sababu binti alikuwepo na alisema moja haikufunga vizuri.